Hodi Kwenye Folda ya Mtu

Mwalimu alizaliwa wapi sijui, na baba yake alikuwa nani sikuwahi kuuliza. Nikiulizwa habari zake husema ni mtu aliyenifundisha kutembea ndani ya kompyuta bila kugusa mausi, kisha nanyamaza, maana yanayofuata si ya kusemea barabarani. Leo nitayasema. Bado nina hasira naye, na mtu asije akaniambia kwamba muda umepita.

Chumba chake cha mafunzo kilikuwa nyuma ya duka la magodoro, Tabora mjini. Mashine saba, zinazowaka nne. Mausi zote alizikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akaliweka juu ya kabati. Mwanafunzi mgeni akiuliza mausi iko wapi, Mwalimu alimjibu bila kucheka, "Imeliwa na paka." Sisi wa zamani ndio tuliocheka, kwa sababu wiki iliyopita tulikuwa tumeuliza swali hilohilo.

Kwake ulifanya kazi kwenye skrini nyeusi. Hakuna picha, hakuna vijisanduku vya njano vya kubonyeza. Unaandika amri, unapiga Enter, mashine inatii au inakukatalia. Folda huioni kwa macho. Unaijua kwa jina lake na kwa njia ya kuifikia. Wiki mbili za mwanzo hatukufanya jambo lingine isipokuwa kuingia kwenye folda na kutoka. Ukiandika pwd, mashine inakuambia umesimama wapi. Ukiandika ls, inakutajia vilivyomo. Ukiandika cd na jina la folda, umeingia. Cd na nukta mbili, umetoka hatua moja. Na cd peke yake inakurudisha nyumbani popote ulipo.

"Ukipotea usilie," alitwambia. "Andika cd, piga Enter, utajikuta kwenu. Ni wangapi duniani wenye bahati hiyo?"

Hata nje ya darasa alikuwa hivyo. Ukikutana naye sokoni ukamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," alijibu, "Marahaba. Uko wapi?" Hapo ilikupasa utoe njia kamili, kuanzia juu kwenda chini: Tabora, mjini, sokoni, upande wa karanga, meza ya tatu. Ukijibu "Nipo tu, Mwalimu," alitikisa kichwa akaondoka bila kukuaga. Mama yangu, aliyefuatana nami siku moja, aliniuliza kama yule baba ni mzima. Nilimtetea. Nilikuwa namtetea sana siku hizo.

Kulikuwa na kitufe cha Tab. Unaandika herufi tatu za jina la folda, unabonyeza Tab, mashine inalimalizia yenyewe. Mwalimu alikipenda kitufe hicho mpaka kikamharibu ulimi. Alianza neno na kulikatisha, akanyoosha mkono na kusubiri umalizie wewe. "Niletee ki..." Kikombe? Kiti? Kitambaa? Ukikosea alishusha pumzi kama mashine imekwama. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa namalizia maneno yake bila kufikiri, na nakiri nilijivunia. Nilijiona mimi ndiye ninayemjua.

Amri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa cd na kistari. Hiyo inakurudisha pale ulipokuwa muda mfupi uliopita, hata kama umeshahamia mbali. Darasani tulikuwa tunaachiana viti, mashine zikiwa chache, na akatuwekea desturi: anayeinuka aandike cd, arudi nyumbani; nawe ukikaa, andika cd kistari, utue pale alipokuwa mwenzako, kazi iendelee. Nimefanya hivyo mara nyingi sana hata vidole vyangu havikuwa vinaniuliza tena.

Basi ukishasikia hayo utadhani ni mtu asiyepotea. Loo! Mjini alikuwa anapotea kama kifaranga. Siku moja alikwenda kupeleka barua Isikizya, akajikuta Nzega, na hakuwa amesinzia. Miwani aliitafuta ikiwa kichwani. Nyumbani kwake, mkewe alimwandikia kwenye karatasi chumvi inakaa wapi. Lakini mweke mbele ya skrini nyeusi, mwambie faili la mwanafunzi wa miaka minne iliyopita, atakufikisha huku anaangalia dirishani.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya hodi. Mashine moja kubwa ilihifadhi kazi zetu sote, kila mtu na folda yake, na hapakuwa na nywila hata moja. Alisema nywila ni tusi kwa watu wanaokunywa chai ya birika moja. Badala yake, ukitaka kuingia folda ya mwenzako, unaita kwa sauti, "Hodi kwa fulani!" na unasubiri mwenyewe aseme karibu. Kama hayupo, unasubiri mpaka kesho. Dada mmoja, muuza mchele aliyekuwa anasoma jioni baada ya kufunga genge, aliingia folda ya mtu bila kuita, akanakili zoezi. Mwalimu alimfanya asimame nje ya mlango wa darasa kila siku, wiki nzima, apige hodi na kungoja tumkaribishe ndipo aingie. Mtu mzima, mama wa watoto watatu.

"Folda ya mtu ni chumba chake cha kulala," Mwalimu alisema. "Anayeingia bila hodi ameshakuvua nguo."

Niliamini kila neno.

Sasa nimfikie bibi yangu. Alikaa Kwihara, kwenye nyumba yake ya udongo iliyoelekeana na shamba la karanga. Babu wa bibi alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe begani mpaka pwani na kurudi. Vituo vyote vya njia ile, hapa mlipolala, hapa pasipo na maji, hapa mlipozika mwenzenu, vilikuwa na nyimbo zake kwa Kinyamwezi, na bibi alikuwa nazo zote. Nilikwenda Jumamosi kumi na saba mfululizo na simu yangu, namuuliza, ananijibu, namrekodi. Alinifungulia kila Jumamosi kwa namna ileile. Nilisema, "Mwangaluka, bibi," naye aliitikia, halafu akasema, "Haya, mke mwenzangu, niulize." Aliniita mke mwenzake tangu nikiwa mchanga, kwa kuwa babu alizoea kusema mimi ndiye mke wake mdogo, na bibi akajidai ana wivu. Katika zile rekodi tunataniana kuliko tunavyozungumza historia. Nilipouliza swali la kijinga alinicheka, nilipouliza la maana alisema, "Hapo umeuliza, mke mwenzangu."

Simu ilijaa. Mwalimu ndiye aliyeniambia nizilete darasani. Alinionyesha kwa mkono wake namna ya kuzipanga: ndani ya folda yangu, folda ya bibi, ndani ya ile ya bibi, folda moja kwa kila kituo cha wapagazi, kuanzia pwani mpaka Unyanyembe, ili ukitembea kutoka moja hadi nyingine uwe unaifuata njia yenyewe. Alifurahi kama mtoto. Alisikiliza rekodi moja baada ya nyingine, mikono nyuma. "Bibi yako anatoa njia kamili," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu anayeweza." Kila aliposikiliza aliniita kwanza, "Hodi kwa binti wa Kwihara!" nami niliitikia karibu.

"Kitu kikae mahali pamoja, ujue kilipo," ndivyo alivyotufundisha. Kwa hiyo nilizifuta kwenye simu.

Jumatatu moja asubuhi alinisubiri mlangoni. "Mwanangu, kaa kwanza." Nikakaa. "Diski imekufa." Alinionyesha ile mashine kubwa, haiwaki. Alisema amejaribu tangu Jumamosi, kila kitu kimekwenda, kazi za watu wote. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: alichemsha chai mwenyewe, akatia tangawizi, akanipa kikombe kwa mikono miwili. "Pole, mwanangu. Pole sana." Nililia mpaka kamasi zikanichuruzika mbele ya darasa. Yeye pia macho yalimlowa, na mimi, mjinga wa wajinga, nikambembeleza. Nilimwambia si kosa lake.

Nilidhani nitarekodi upya. Mvua za mwaka ule bibi alipigwa kiharusi, maneno yakamtoka yote, akabaki kunitazama tu na kunishika kidole. Hakuishi mwaka. Mwalimu alikuja msibani Kwihara. Aliimba besi pamoja na kwaya ya Wamoraviani kaburini, na zamu ya rambirambi ilipomfikia alisimama, akasema mbele ya ukoo wetu wote, "Laiti sauti ya mama huyu ingekuwa imebaki mahali." Shangazi zangu walilia kwa maneno hayo. Nilikwenda kumshukuru kwa kusema vizuri.

Sitaki kumfanya kuwa shetani, ingawa ingenipunguzia kazi. Alifundisha bure watu ambao hawakuwa na chochote. Muuza mchele yule yule aliyesimamishwa nje, mwanawe alipolazwa, Mwalimu alikaa naye wodini siku tatu akimfundisha kwenye karatasi, anachora folda kwa kalamu, ili asibaki nyuma. Mimi mwenyewe alinipa kazi ya kumsaidia kufundisha wageni, nikiwa sina cheti cha maana, na mbele ya watu alisema nimemzidi. Mtu huyohuyo. Nimejaribu miaka mingi kuwatenganisha wawili hawa, mmoja nimpende na mwingine nimchukie, nimeshindwa.

Baadaye ukutani kwake kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo. Wageni fulani waliokuwa wanazunguka wakikusanya kumbukumbu za njia ya misafara walimpa, kumshukuru kwa mkusanyo wake wa nyimbo za wapagazi. Nilimuuliza alizipata wapi. Alisema kwa wazee wa Urambo, zamani. Alikitazama kile cheti kama mtu anavyomtazama mwanawe siku ya kipaimara. Maisha yake yote hakuna karatasi iliyowahi kuwa na jina lake, aliniambia. Kioo chake nilikuwa nakifuta vumbi mimi, kila Ijumaa, kwa kanga yangu ya zamani.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilifika mapema kuandaa mazoezi, nikamkuta kwenye mashine yake. Alipiga vitufe viwili vitatu, akainuka. Kuna mtu alikuwa anamwita nje kwa habari ya umeme. "Kaa, endelea," aliniambia akiwa anatoka. Nilikaa. Nilijua alikuwa anapanga mazoezi ya wageni, na kama tulivyozoea kuachiana viti, vidole vyangu viliandika cd kistari.

Sikutua kwenye mazoezi. Nilitua kwenye folda ambayo sikuwahi kuiona. Nikaandika ls, na majina yakashuka mbele yangu: vituo vya wapagazi, kimoja baada ya kingine, kuanzia pwani mpaka Unyanyembe, kwa mpango ule niliopanga mimi. Njia iliyoandikwa juu yake ilikuwa na jina la Mwalimu.

Nilifungua faili moja. Bibi yangu akakohoa, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kuanza. Miaka miwili nilikuwa sijaisikia sauti ile. "Haya," alisema, na hapo pakawa na kimya kidogo, kisha akasema, "niulize." Halafu akaanza kujibu. Nilisubiri nisikie swali langu. Halikuwapo. Nikafungua nyingine. Bibi anacheka, anajibu, anacheka tena, peke yake, kama mtu aliyerukwa na akili. Mwalimu alikuwa amenikata. Kila niliposema, alikata. Kila bibi aliposema mke mwenzangu, alikata, maana neno hilo lingewaambia wageni kwamba kulikuwa na binti aliyekaa pale.

Alirudi akanikuta naisikiliza. "Mwalimu," nilisema, "huyu ni bibi yangu."

Alisimama mlangoni, uso umemshuka. Nilidhani atapiga magoti. Nilidhani atasema shetani alimpitia. Alisema, "Umeingia bila hodi."

Nilichukua pochi yangu nikaondoka. Kuna watu wameniambia ningemshtaki kwa wazee wa kanisa, ningevunja kile kioo, ningeondoka na mashine. Wao hawajawahi kutapeliwa na mtu waliyemmalizia maneno. Nilipofika barabarani kitu pekee nilichotaka ni mtu aniulize niko wapi.

Nilipata kazi ya masjala katika ofisi moja ya Isikizya, naifanya mpaka leo. Miaka mitano sikumwona. Nilisikia darasa limefungwa, mkewe amefariki, yeye amehamia Igunga kwa dada yake. Kisha muuza mchele akanipigia. Hununua mpunga kule Igunga. "Mwalimu anakuomba," alisema. "Macho yamekwisha. Ana kitu chako."

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilipanda basi, na sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya maneno mawili ya bibi yangu.

Alikuwa amekaa ukumbini kwa dada yake, amekonda, kompyuta ya zamani iko mezani mbele yake. Nikamwamkia. "Marahaba," alisema, akaijua sauti yangu, akageuza uso upande wangu, akakosea kidogo. Hakuuliza niko wapi.

"Nilizokata ni nakala," alianza, hata maji sijaletewa. "Zile za kwako nilikuhifadhia nzima, mwanangu. Siku ileile. Niliziweka pembeni, nikasema ipo siku. Kaa kwenye mashine."

"Kwa nini hukunipa?"

"Ningekupa, ningekuwa nimekiri."

Nilikaa kwenye mashine. Alianza kuniongoza kwa kichwa, macho yameangalia ukuta. cd kazi. Sasa cd nyaraka. Tab. Usiandike jina zima, una haraka gani. Nukta mbili, umepita. Sasa kuna folda kama tisa, hiyo ya sita. Na kweli ilikuwa ya sita. Nilipotea mara moja, akajua kwa kuhesabu vitufe tu. Nakiri kwa dakika zile nilimpenda tena, nikamsamehe nusu.

"Sasa utaona folda inaitwa mke_mwenza," alisema kwa sauti ya chini. "Ingia. Hapo ni kwako, huhitaji hodi."

Ilikuwepo. Jina aliloniita bibi yangu, limeandikwa na mtu aliyelikata. Nikaingia. Nikaandika ls.

Folda ikiwa tupu, mashine haisemi ni tupu. Haisemi kitu. Inakurudishia tu mstari mwingine wa kuandikia, na inangoja.

"Umeziona?" aliuliza.

Niliandika pwd kuhakikisha nilipo. Nilikuwa nilipo. Nikaandika ls tena, nikatafuta vilivyofichwa, hakuna. Nikafungua orodha ya amri alizowahi kuandika, nikarudi nyuma, nyuma sana, mpaka nikaiona. Siku aliyotaka kunakili, alihamisha. Amri ya kunakili ni cp, ya kuhamisha ni mv; zinafanana urefu, herufi mbili mbili, na mv haiachi kitu nyuma yake. Yeye mwenyewe alitupigia kelele mwaka mzima tusizichanganye. Alizitoa zote humu akidhani zimebaki, akazikata hizohizo. Hapakuwa na nakala nyingine popote, na sauti ya bibi yangu akiniita haiko tena duniani.

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Umeingia pabaya. Rudi, andika cd kistari."

"Nimeingia penyewe. Ulihamisha, hukunakili. Amri yako hii hapa."

"Mimi?"

"Wewe."

Uso wake ulifanya kitu ambacho sijakisahau. Alitabasamu, kwa shida, kama mtu anayejua anafanyiwa mzaha na anaustahili. Alinyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaipata mashine, akaniondolea mkono wangu taratibu, akaandika mwenyewe ls, akapiga Enter. Kisha akanitegea sikio.

"Nisomee majina," alisema. "Umenikomesha, imetosha. Nisomee sasa."

Nilimwambia ukweli mara tatu, na mara zote tatu aliniomba niache kumdanganya.